Kalafati ya Moto

Jiko la mafiga halina mlango. Upepo unaingia utakako, na mpishi hana la kufanya ila kusukuma ukuni mbele au kuuvuta nyuma. Ndiyo maana nilipohamia Norwe nikapanga nyumba yenye jiko la chuma cha kusubu, sikuelewa kwa nini mwenye nyumba aliuliza habari za kamba kabla ya kuuliza habari za kuni.

Kamba hiyo ni ya nyuzi za kioo, nene kama kidole cha mwisho, imelazwa kwenye mfereji unaozunguka mlango. Ikiwa nzima, moto hupata hewa ile tu uliyoiruhusu kwa kishikio. Ikichakaa, jiko linakukaidi: unapunguza hewa, moto unazidi kunguruma, na kuni ulizozihesabia hadi alfajiri zinakwisha saa sita usiku. Majiko mapya yanaumia zaidi. Tangu 1998 sheria huyawekea yanayouzwa huko kikomo cha moshi, ndiyo maana mengi huuchoma moshi wake kwa hewa ya pili inayopita juu ya kuni, na mwanya mdogo mlangoni unavuruga hesabu yote.

Kipimo chake ni noti. Ibane mlangoni, vuta. Ikiteleza, hapo panavuja. Kwenye maungio ya mabamba mimi hutumia kijiti cha udi: penye ufa, moshi wake hunyonywa ndani. Wenyeji hutumia mshumaa; nyumba yangu inanukia vizuri zaidi.

Kung'oa kamba kuukuu si kazi. Kazi ni kukwangua gundi iliyokauka mpaka chuma kionekane. (Jiko la zamani sana linaweza kuwa na kamba ya asbesto, hiyo usiiguse, mwite mtaalamu.) Usipime unene kwa kamba ya zamani, imeshabapa, itakudanganya; pima mfereji. Kisha paka gundi, laza kamba mpya, na usiivute. Hapo ndipo nilipoharibu mara ya kwanza. Kamba iliyovutwa hukonda, halafu hurudi nyuma taratibu na kuacha pengo ncha zinapokutana. Isukume kidogo kidogo. Nilimkumbuka fundi wa kwetu Tanga akitia kalafati, akishindilia pamba yenye mafuta kati ya mbao za jahazi. Yeye ana patasi na nyundo. Huku kidole kinatosha.

Wapo wanaodhani jiko lisilovuja ni la kufungwa kabisa. Wanajaza kuni, wanazima hewa, wanalala. Kuni zilizonyimwa hewa hutoa moshi mzito unaoganda kama lami ndani ya dohani, na lami hiyo siku moja itawaka.

Gundi yangu ilikauka jana. Nikazungusha noti mlango mzima, ikakataa kutoka kila mahali, nikawasha moto mdogo. Niliposogeza kishikio nusu, ndimi zililegea, zikawa zinapanda polepole kama pazia. Nikakaa kuzitazama hadi usingizi. Asubuhi nikaiona noti ya kroni 100 niliyoisahau mlangoni: nusu ya nje imebadilika rangi kidogo tu, nusu ya ndani majivu.