Nani Alikuwa Njiani? Vitenzi Vilivyodondoshwa na Tafsiri za Wanafunzi

Wanafunzi wetu hapa Uganda hufika chuoni wakiwa wamesoma Kiingereza kwa miaka mingi kuliko Kiswahili, na huja na kanuni moja katika somo la tafsiri. Kanuni hiyo husema kwamba kitenzi chenye -ing au -ed kikisimama peke yake, kuna maneno yaliyodondoshwa. Yarudishe, na maana itakuwa wazi. Tungependa kuihakiki kanuni hii, kwani inawapotezea wanafunzi alama na, baya zaidi, inawazoesha kutafuta kisichokuwepo.

Tukiri kwanza kwamba mahali pengine inafaa. Kichwa cha habari "Two killed in crash" kimeacha kitenzi kisaidizi "were". Agizo "When in doubt, ask" limeacha "you are". Hapa maneno hurudi bila taabu, na tafsiri huja vyema: "Wawili wafa ajalini", "Ukiwa na shaka, uliza".

Tatizo huanza kanuni inapotumiwa kila mahali. Katika "the boy sitting there" tunaweza kurudisha "who is". Je, katika "anyone knowing the answer"? Kiingereza sanifu hakisemi "who is knowing". Quirk na wenzake, katika sarufi yao kubwa ya mwaka 1985, walikwisha kuonya kwamba maumbo ya -ing ya namna hii yasichukuliwe kuwa ufupisho wa hali ya kuendelea. Umbo hilo halijapungukiwa na kitu. Anayeishika kanuni huandika "mtu yeyote ambaye yuko anajua jibu", ilhali "yeyote anayejua jibu" inatosha.

Kosa la pili ni kubwa zaidi. Tazama sentensi hii: "Walking to school, the rain began." Mwanafunzi hutafuta neno lililodondoshwa, asilipate, kisha huandika: "Ikitembea kwenda shuleni, mvua ilianza." Mvua imepewa miguu! Sentensi yenyewe hukosolewa hata na walimu wa Kiingereza, lakini kosa la mfasiri lina chanzo chake. Umbo la -ing halina nafsi, ilhali kitenzi chenye -ki- hakisimami bila nafsi. "Nikienda", "akienda" na "tukienda" ni habari tatu tofauti, na mfasiri sharti achague. Atakayekimbilia "wakati wa kwenda shuleni" ameiepuka nafsi, lakini hajatueleza nani alikuwa njiani.

Hatusemi kwamba Kiswahili hakidondoshi vitenzi. "Juma aliagiza chai, Asha kahawa" ni sentensi safi. Methali "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe" haina kitenzi katika sehemu yake ya kwanza. Hata hivyo Asha yupo, na mgeni yupo. Kilichoachwa ni kitenzi, si mhusika.

Ni maoni yetu, basi, kwamba walimu wenzetu wabadilishe swali. Kabla ya kuuliza "Neno gani limedondoshwa?", tuwafundishe wanafunzi kuuliza "Nani anatenda, na lini?" Jibu likipatikana katika muktadha, kuchagua kati ya -ki-, -po- na kirejeshi hakutawasumbua. Lisipopatikana, heri mwanafunzi aandike pembeni kwamba sentensi ya Kiingereza ina utata, kuliko kuitembeza mvua hadi shuleni. Nasi wasahihishaji tumpe alama kwa kuliona hilo.