IRM ya moyo ya dakika 18: hiyo haraka ni ya nani?

Ndugu na dada tuliomaliza masomo, na nyinyi wadogo mulio bado kwenye viti vya universite.

Habari za IRM ya moyo ya mbio zinapita mara nyingi katika simu zetu, na kila mara zinaandikwa na furaha ile ile. Mashini iliyokuwa inachukua karibu saa nzima sasa inamaliza kwa dakika 20 ao chini. Mwisho wa habari hakukosi sentensi moja ya kutufurahisha: hii itasaidia hata inchi masikini. Kisha wenzetu wanaandika: "Na sisi Maniema tupewe hiyo mashini!"

Mimi ni mtu wa kilimo, si munganga. Lakini kusoma jaribio ni kazi tuliyofundishwa sisi wote, hata ukiwa umesoma sheria ao uchumi. Mtu akikuletea mbegu mpya ya mpunga akisema inazaa mara mbili, unamuuliza maswali matatu: ilijaribiwa wapi, juu ya nani, na mazao yalipimwa na kipimo gani? Nataka tuulize IRM ya mbio maswali hayo hayo.

Kwanza tuelewe juu ya nini ile mashini inakawia. IRM haitumii miali kama radiografi. Inatumia sumaku kubwa na mawimbi ya redio. Shida ni kwamba moyo hautulii: unapiga, na kifua nacho kinapanda na kushuka. Basi mashini inakusanya vipande vya picha kwa mapigo mengi ya moyo, ikiongozwa na nyaya za elektrokadiogramu, na mgonjwa anaambiwa kila mara: shika pumzi, achia. Kisha anadungwa dawa ya gadolini, wanangojea dakika kama 10, ndipo kovu la moyo linaonekana likingaa. Ukijumlisha yote, unafika dakika 45 mpaka 60.

Sasa, haraka inapatikana kwa njia mbili, na habari nyingi zinazichanganya. Njia ya kwanza ni ya hesabu: mashini inachukua vipande kidogo, ordinateri inajaza vinavyokosekana. Njia ya pili ni ya makasi: munganga anajiuliza ni picha gani hazitabadilisha matunzo ya huyu mgonjwa, na anaziacha.

Mfano mzuri wa njia ya pili ni jaribio la Lima, Peru, lililotolewa mwaka 2018 na Katia Menacho, James Moon wa University College London, na wenzao wa kule. Wagonjwa walikuwa karibu 100. Kwa wastani kila mmoja alibaki ndani ya mashini dakika kama 18. Na kwa zaidi ya nusu yao, matokeo yalibadilisha jambo: ugonjwa ambao hakuna aliyeufikiria ulionekana, ao matunzo yaligeuzwa. Hapa nawapa heshima yao. Hawakutuonyesha tu picha nzuri, walihesabu kama mgonjwa alitendewa tofauti. Hicho ni kipimo cha kweli, sawa vile kwa mbegu tunahesabu magunia yaliyoingia gala, hatuhesabu urefu wa majani.

Majaribio mengi ya njia ya kwanza hayafiki hapo. Yanalinganisha picha na picha: ukubwa wa moyo kwa mililita katika mashini ya mbio unafanana na ule wa mashini ya polepole, basi jaribio limefaulu. Sawa, lakini hiyo inahakikisha kitu kimoja tu, kwamba ya mbio si mbaya kuliko ya polepole. Na ordinateri inayojaza vipande imejifunza kwa mioyo iliyoonyeshwa. Kovu dogo ambalo haijazoea inaweza kulilainisha likapotea. Kampala, mwaka 1948, J.N.P. Davies aliandika juu ya ugonjwa wa Uganda ambapo utando wa ndani wa moyo unakuwa mgumu kama ngozi iliyokauka. Huo ni ugonjwa wa kwetu, na kovu lake ni IRM inayolionyesha vizuri. Basi anayetaka kutuuzia mashini ya hesabu za mbio atuonyeshe kwanza kwamba imejaribiwa kwa mioyo kama hiyo.

Swali la pili: juu ya nani? Mwaka 2012 yalitoka matokeo ya uchunguzi unaoitwa THESUS-HF. Ulifuata wagonjwa 1,006 walioingizwa hopitali na moyo uliochoka, katika inchi 9 za Afrika. Umri wao wa wastani ulikuwa miaka 52, yaani watu wenye nguvu, wenye kulisha jamaa. Karibu 45 kwa mia, sababu ilikuwa tansiyo. Karibu 14 kwa mia, rimatisimu ya moyo. Ugonjwa wa mishipa inayolisha moyo, ule unaosumbua sana Ulaya na ambao IRM inajua kuufuata, haukufika 8 kwa mia.

Tulieni hapa kidogo. Sababu ya kwanza inaonekana kwa kitambaa cha kupima tansiyo kinachofungwa mkononi. Hakitaki sumaku. Kinataka enfirmie mwenye kukifunga kila mgonjwa anapokuja, na kidonge ambacho hakikosekani mwezi ujao.

Swali la tatu ni la kipimo. Dakika 18 ni za mgonjwa akiwa ndani ya mashini tu. Lakini mama wa Salamabila anayekosa pumzi usiku, saa yake ilianza kuhesabu zamani. Alianza na dawa za kikohozi. Akasali. Wengine wakamwambia amelogwa. Akapelekwa na piki mpaka Kasongo, na wakati wa mvua mnajua ile barabara, kuna siku motari mwenyewe anakataa. Kutoka pale mpaka kwenye mashini ni Kinshasa ao mji mwingine mkubwa, ni ndege, ni jamaa kuuza mali. Safari ya miezi, halafu tunamwambia tumemwokolea dakika 40 za mwisho.

Tena tufikirie mashini yenyewe. Sumaku ya kawaida ya IRM inakaa ndani ya heliamu ya majimaji, kwa baridi ya karibu digri 269 chini ya sifuri, na inataka umeme usiku na mchana hata kama hakuna mgonjwa. Kuna sumaku mpya, zilizotoka tangu 2018, zinazotumia kama lita 7 tu za heliamu, na hiyo ni hatua kubwa. Lakini umeme haziuachi. Salamabila tunaijua: zahabu ya Namoya imechimbwa kwa mashini kubwa za mazutu, na mazutu ikikosa kila kitu kinalala. Hopitali haiwezi kulala hivyo.

Mwenzangu atasema: "Kwa hiyo masikini abaki na stetoskopi milele?" Hapana, na hilo ndilo jambo ninalotaka lieleweke kuliko yote. Mashini ikienda mbio, inapokea watu wengi zaidi kwa siku. Nani atajaza hizo nafasi? Kama hakuna mtu Kasongo ao Kabambare anayejua kuchagua mgonjwa anayehitaji ile picha kweli, zitajazwa na wale wanaokaa karibu na wako na pesa. Mbio za mashini bila njia ya kuifikia zinaongeza umbali kati yetu na wao.

Lakini kile kilichofanywa Lima kina kitu cha kutufaa leo, na si mashini. Ni yale makasi. Kuuliza: ni nini kwenye kipimo hiki kitabadilisha matunzo? Kingine tukate.

Jirani zetu walishatumia makasi hayo. Rwanda, katika hopitali za wilaya kama Rwinkwavu na Kirehe, maenfirmie walifundishwa ekografi ya moyo iliyofupishwa. Hawapimi kila kitu anachopima mtaalamu. Wanatafuta alama chache: moyo unasukuma damu vizuri ao hapana, valvu moja imekazana ao hapana, kuna maji kuzunguka moyo ao hapana. Kwa majibu hayo wanamweka mgonjwa katika kundi lake na kuanza dawa, na anayehitaji mtaalamu anapelekwa. Mwaka 2022, pale Lomé, mawaziri wa afya wa Afrika walikubali mpango wa PEN-Plus unaofuata wazo hilo hilo: magonjwa makali yasiyoambukiza yatunzwe katika hopitali ya wilaya, si katika mji mkuu peke yake.

Uganda walienda mbali zaidi. Andrea Beaton, Emmy Okello na wenzao walipitisha ekografi kwa watoto na vijana 102,200 wa miaka 5 mpaka 17, kutafuta rimatisimu ya moyo iliyojificha, kabla mtoto hajasikia kitu. Waliokuwa nayo na wakakubali kuingia katika jaribio walikuwa 818. Nusu walipewa sindano ya penisilini kila wiki 4, nusu hapana. Kisha miaka 2, kati ya waliodungwa ugonjwa uliendelea kwa 0.8 kwa mia. Kwa wengine ni 8.2 kwa mia. Sindano ya dawa ya zamani, na picha ya dakika chache iliyofika kwa wakati wake. Mimi hiyo ndiyo naita mbio.

Wala sisemi sumaku si za Afrika. Mbarara, mwaka 2022, Johnes Obungoloch na wenzake, pamoja na wataalamu wa Leiden, waliunganisha mashini ndogo ya IRM yenye sumaku dhaifu kwa siku 11, na vyombo vya mkono. Ni ya kichwa, haijawa ya moyo, juu moyo unataka nguvu zaidi. Lakini walianza na swali la watoto wao wenye maji kichwani, halafu wakatengeneza chombo. Hawakuanza na chombo kisha kutafuta swali.

Na sisi wa Kasongo tunasahau haraka. Kuanzia miaka ya 1970 waganga wa hapa na Taasisi ya Tropiki ya Anvers walifanya Projet Kasongo: vituo vya afya vinavyoongozwa na maenfirmie, na hopitali moja nyuma yao. Mwaka 1981 walitoa katika gazeti The Lancet kazi juu ya chanjo ya surua. Hawakuuliza tu kama surua imepungua, waliuliza kama watoto walibaki hai. Majibu yao yalileta mabishano makubwa duniani. Swali gumu kama hilo lilitoka hapa kwetu, wakati bado hakukuwa na simu wala intaneti. Basi haitufai leo kupiga makofi kwa habari ya dakika 18 bila kuuliza nani alibaki hai.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika tena "tupewe IRM", tuombe kwa mpangilio. Kitambaa cha tansiyo kinachofanya kazi katika kila kituo cha afya, na dawa zake. Penisilini ya benzatini isiyokatika. Ekografi moja ya moyo Kasongo na moja Kabambare, na maenfirmie wawili kwa kila moja, juu mmoja akihamishwa kazi isife. Kisha njia iliyoandikwa: mgonjwa wa namna gani anatumwa mbali, na nani anamlipia safari. Hapo ndipo IRM ya mbio, popote ilipo, itakuwa na maana kwa mtu wa Salamabila, juu atakayefika kwake atakuwa ametumwa na mtu aliyejua ni kitu gani anatafuta.