Methali Inataka Vinywa Viwili

Siku niliyoenda Likoni kuambia familia kwamba nimeacha chuo, mwaka wa pili, na deni la karo juu, mjomba hakunigombeza. Aliegemea kiti, akasema, "Asiyesikia la mkuu..." kisha akanyamaza. Unajua vile huwa inaenda. Aliyesema nusu ya kwanza anakungoja umalizie. Nilitakiwa nijihukumu kwa mdomo wangu mwenyewe: huvunjika guu.

Nyanya alikuwa mlangoni anachambua mchicha, tukidhani hasikilizi. Yeye ndiye alijibu. "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi." Akaendelea na mboga zake. Mjomba akacheka, akabadilisha stori.

Jioni hiyo nimeibeba kichwani muda mrefu. Methali nilizisoma miaka yote ya shule, lakini sikuwa nimewahi kuona moja ikijibiwa na nyingine hivyo, tena kwa neno lile lile. Mjomba alileta mguu uliovunjika, nyanya akaleta koleo lililovunjika.

Shuleni tulifunzwa methali kama kwaya. Mwalimu: "Haba na haba!" Sisi: "Hujaza kibaba!" Sikumbuki kuambiwa kwamba kibaba ni kipimo cha nafaka, robo ya pishi. Tulipiga kelele tu. Halafu ikaja insha. Ukipewa methali iwe kichwa cha insha, kazi yako ni kubuni kisa cha kuithibitisha. Juma ni mtukutu, Juma hasikii wazazi, Juma anaishia kitandani hospitalini akijuta. Nimemvunja Juma miguu mara nyingi sana, maskini. KCPE ilifanywa mara ya mwisho 2023, lakini insha ya methali haikuzikwa nayo. Ukifika KCSE utaikuta.

Shida yangu na insha hiyo ni moja. Hakuna nafasi ya kuandika kwamba Juma alikataa la mkuu na mkuu ndiye aliyekosea. Ukithubutu, unaandikiwa kwa kalamu nyekundu: umepotoka. Yaani tunafunzwa kwamba methali ni hukumu, na kazi ya kijana ni kutafuta ushahidi.

Vitabu navyo havijasaidia sana. Tangu 1891, mmisionari W. E. Taylor alipochapisha mkusanyo wake wa methali za Waswahili, watu wamezikusanya kwa maelfu, na ni kazi ya kushukuru. Lakini fungua kamusi ya methali iliyopangwa kwa alfabeti. "Haraka haraka haina baraka" iko kwa H. "Chelewa chelewa utapata mwana si wako" iko kwa C. "Ngoja ngoja huumiza matumbo" iko kwa N. Hizi tatu ni watu wa nyumba moja ambao hubishana kila siku, na kamusi imewapa kila mmoja chumba chake na kufunga milango. Ukisoma moja peke yake utadhani wahenga walikuwa na msimamo mmoja kuhusu haraka. Hawakuwa nao. Walijua kuna siku ya kukimbia na siku ya kutulia, wakatuachia maneno ya siku zote mbili. Kuchagua wakatuachia sisi.

Kama unataka kuona ubishi huo ukiwa hai, angalia leso. Pwani, mtu hanunui leso kwa maua peke yake. Anasoma jina kwanza, yale maandishi ya chini. Anaweza kuivaa apite nayo mlangoni kwa jirani bila kufungua mdomo. Jirani akiudhika anashuka Biashara Street kutafuta leso yenye jibu. Hapo methali haimalizi mazungumzo, inayaanzisha. Ni wanawake hawa, si watahini, waliohifadhi namna nyanya yangu alivyozungumza siku ile.

Lakini nisijidanganye. Jibu la nyanya lilimnyamazisha mjomba kwa sababu ni mama yake. Maneno yale yale yangetoka kwangu, ningeitwa mkosa adabu, na kesi yangu ingeongezwa ya pili. Tunaposema methali zimepokezwa kizazi hadi kizazi, tukumbuke kilichopokezwa ni pamoja na mpangilio wa nani anasema na nani anamalizia. Maneno yanashuka kwetu. Ruhusa ya kuyatumia inabaki kule juu.

Ndiyo maana methali hazinichoshi mimi. Mwenye kunichosha ni yule anayezitumia kukwepa. Mwaka jana niliandikia mteja mmoja makala tatu. Tulikubaliana malipo ndani ya siku 30. Siku ya 60 nikamuuliza kwa adabu zote. Akanijibu kwa WhatsApp: "Subira huvuta heri," na kaemoji ka kucheka. Kodi yangu nayo haivutwi na subira. Lakini angalia alichofanya: deni lake limegeuka kuwa somo la tabia yangu. Hiyo ni insha ya Juma, ila safari hii Juma ni mimi na mwandishi ni mwenye deni.

Niliandika jibu, nikafuta, kwa sababu bado nilitaka kazi yake. Nikaandika tena. Nikamkumbuka nyanya na mchicha wake, nikatuma: "Ngoja ngoja huumiza matumbo." Sikuweka emoji.

Tiki mbili zikageuka samawati. Wiki ikapita. Kisha M-Pesa ikaingia, nusu ya pesa, bila neno lolote. Siwezi kukuambia kwamba methali ilinilipa. Labda alikuwa amelipwa na yeye. Nusu nyingine bado. Ila tangu siku hiyo hajanitumia methali tena, na tukiongea sasa tunaongea kuhusu tarehe.