Godox V1: Fleshi Moja, Kamera za Kila Kampuni

Jamani, imewaka! Godox V1 iliyotengenezwa kwa ajili ya Canon iko juu ya stendi, mkononi nina Nikon, na picha ya kwanza tu imetoka na mwanga uliopimwa sawasawa. Si kuwaka peke yake: TTL, yaani kamera kujipimia yenyewe nguvu ya fleshi, nayo inafanya kazi! Nikashika Sony yenye triga yake, nikabonyeza. Imewaka tena! Fleshi ni ileile, palepale ilipo.

Anayejua adha ya fleshi ataelewa furaha hii. Igeuze fleshi ya Canon uangalie chini: kuna pini kubwa katikati na nyingine ndogo kando yake. Ile ya katikati ndiyo inayotoa amri ya kuwaka, na karibu kampuni zote zinaitumia kwa namna moja. Zile ndogo ndizo zinazobeba TTL na kasi kubwa za shata, na hapo kila kampuni ina mpangilio wake. Sony tangu 2012 wamezificha zao kwa mbele kabisa. Ndiyo maana fleshi ya Canon ukiichomeka juu ya Nikon, kwa kawaida itawaka tu kwa nguvu uliyoipanga mwenyewe, basi.

Godox wamelimaliza hilo kwa redio ya 2.4 GHz. Juu ya kamera unachomeka triga ya X2T: kuna ya Canon, Nikon, Sony, Fujifilm na nyinginezo. Triga ndiyo inayoijua lugha ya kamera yako. Fleshi iliyoko mbali inasikiliza redio tu. Raha iliyoje!

Nikatoka nayo nje, jua la saa sita kali. Shata 1/2000, lenzi f/1.8. Kwa fleshi ya kawaida, kamera nyingi hukwama kwenye 1/200 au 1/250. Ukizidisha, sehemu ya picha inatoka nyeusi kwa sababu pazia la shata limeziba mwanga. Hapa triga inakufikisha hadi 1/8000! Mandhari ya nyuma ikalainika, anga ikabaki buluu, kile kivuli kizito chini ya nyusi kikatoweka, na mshono wa kola ya kitenge ukaonekana uzi kwa uzi.

Watakaonufaika zaidi ni wapiga picha wa harusi. Mmoja ana Canon, mwenzake ana Sony, na ukumbi una taa moja nzuri. Wekeni triga zenu kwenye chaneli moja, pangeni nguvu ya fleshi kwa mkono, kila mtu apige kwa zamu. Msibonyeze kwa mpigo tu, maana ikiwaka kwa nguvu zote inahitaji kama sekunde 1.5 kujijaza. Betri yake ya lithiamu, kwa hesabu ya Godox wenyewe, inatoa miwako 480 ya nguvu zote. Ni chakula cha sherehe nzima!

Mambo matatu ya kuzingatia. Kwanza, ukitaka kuichomeka V1 yenyewe juu ya kamera na TTL ifanye kazi, nunua ya kampuni ya kamera hiyo. Pili, Canon 250D ya 2019 haina pini ya katikati, kwa hiyo fleshi rahisi zinazotegemea pini hiyo hazitawaka kabisa. Tatu, usichomeke ovyo fleshi za zamani: baadhi ya Vivitar 283 za mwanzo hutoa zaidi ya volti 200 kwenye pini, na umeme huo unaweza kuiunguza kamera ya kisasa.

Ushauri wangu: wekeza kwenye taa bila woga. Ukihama kutoka Nikon kwenda Sony mwakani, utakachonunua ni triga mpya. Fleshi, stendi na miamvuli yako yote inahama nawe. Kwa mpiga picha anayejenga vifaa vyake kidogo kidogo, sijaona mpango mzuri kuliko huu!