Mbayuwayu kwenye Waya: Yupi Mgeni, Yupi Mwenyeji

Ifikapo Septemba, nyaya za umeme kando ya Ziwa Victoria, iwe Kisumu, Entebbe au Bukoba, huanza kujaa mbayuwayu. Wapita njia huwaona wote kuwa ndege mmoja. Kumbe kwenye waya huohuo wanaweza kukaa wawili wanaofanana mno: mbayuwayu wa Ulaya (Hirundo rustica), aliyeanguliwa Ulaya au Asia, na mbayuwayu wa Angola (Hirundo angolensis), mzaliwa wa Afrika.

Tumwondoe teleka kwanza. Huwinda wadudu angani pamoja na mbayuwayu, ila miguu yake haiwezi kutua kwenye waya. Ukimwona ndege amekaa pale, teleka hayumo tena kwenye hesabu.

Kisha lenga darubini kifuani. Mbayuwayu wa Ulaya aliyekomaa ana paji la uso na koo la rangi ya kutu, na chini ya koo hilo pana mkanda mpana wa buluu iliyokoza uliokatiza kifua chote bila kuachia nafasi. Tumbo ni jeupe au la rangi ya maziwa. Kwa yule wa Angola, kutu hushuka mpaka kifuani, mkanda ni mwembamba na mara nyingi hukatika katikati, na tumbo ni la kijivu chenye ukahawia, kama lililopakwa vumbi. Vitabu vingi husifu mkia wenye panda ndefu, lakini mimi siuamini msimu huu. Mbayuwayu wa Ulaya hubadilisha manyoya akiwa huku Afrika, hata yale marefu ya mkiani, na vijana wa mwaka huo hufika na mikia mifupi. Mkanda wa kifua hubaki shahidi wa kuaminika zaidi.

Kiota nacho hutoa ushahidi. Mbayuwayu wa Ulaya hatagi Afrika Mashariki. Huja kula, kubadilisha manyoya na kurudi kaskazini, wengi wao wakiwa wameondoka kufikia mwisho wa Aprili. Kwa hiyo kikombe cha tope kilicho wazi chini ya paa la baraza si chake. Huenda ni cha yule wa Angola, au cha mbayuwayu mkia-uzi, mwenye utosi wa kutu na koo jeupe, anayependa madaraja na maji. Kiota kilichofunikwa chenye mlango mrefu wa bomba ni cha jamaa zao wengine, wenye michirizi kifuani.

Safari yenyewe ilithibitishwaje? Mei 1911, huko Cheadle, Uingereza, mwanasheria John Masefield alimvisha mbayuwayu pete yenye namba B830 na anwani ya London. Desemba 1912 ndege huyo alinaswa ndani ya nyumba ya shamba huko Natal, Afrika Kusini, na barua ikaandikwa kwenda London. Pete moja ilitosha kuonyesha kwamba ndege wa gramu 20 hivi huvuka Sahara na kufika kusini kabisa mwa bara.

Pete hutaja ncha mbili tu za safari. Katikati ilijazwa na vifaa vidogo vya kurekodi mwanga, visivyozidi gramu moja, vinavyofungwa mgongoni. Saa ya adhuhuri hueleza ndege yuko mashariki au magharibi kiasi gani, na urefu wa mchana hueleza kaskazini au kusini. Tatizo ni kwamba karibu na Machi 21 na Septemba 23 mchana hulingana karibu duniani kote, na hiyo ndiyo miezi ambayo mbayuwayu wako njiani. Kwetu karibu na ikweta, ambako mchana haubadiliki sana mwaka mzima, makosa huongezeka. Isitoshe, vifaa hivyo havitumi taarifa, hivyo lazima ndege akamatwe tena. Kwa sababu hiyo pete bado haijapitwa na wakati.

Ukimpata mbayuwayu mwenye pete, soma herufi na namba zote, piga picha, andika mahali na tarehe, kisha tuma taarifa kwenye anwani iliyo kwenye pete au Makumbusho ya Taifa ya Kenya, Nairobi. Akiwa hai, usiivue pete. Mwachie aende nayo.