Moshi Huu ni wa Nani?

Mkemia wa hewa huanza kazi kwa kuchoma vifaa vyake. Chujio jeupe la kwatzi, lenye ukubwa unaokaribia karatasi ya daftari, huokwa tanuruni kwa nyuzi joto zaidi ya 500, saa kadhaa, mpaka lisibakiwe na mafuta yoyote. Hufungwa kwa foili ambayo nayo imeokwa. Tangu hapo halishikwi ila kwa koleo safi, kwa sababu adui wa kwanza wa sampuli ni yeye anayeichukua: losheni yake, jasho lake, moshi ulioganda kwenye koti lake.

Chujio hilo lipandishe juu ya paa mjini Nakuru. Pampu kubwa ikivuta hewa saa 24, hupita zaidi ya mita za ujazo 1,600, na chembe zisizozidi mikromita 2.5 hunaswa. Kesho yake jeupe limekuwa kijivu. Ukilipima kwenye mizani utapata namba ya kulinganisha na kiwango cha Shirika la Afya Duniani, ambalo tangu 2021 linataka wastani wa mwaka usizidi mikrogramu 5 kwa mita ya ujazo. Lakini mizani haijui moshi ni wa nani. Utafiti wa Nairobi uliochapishwa mwaka 2014, kwa sampuli za 2008 hadi 2010, ulifuata elementi na kukuta magari na vumbi la ardhi vinabeba karibu robo tatu ya chembe hizo. Anayefuata misombo ya kaboni huingia ndani zaidi.

Kipande cha chujio hulowekwa katika dikloromethani na methanoli, kimiminika hicho hukaushwa taratibu kwa naitrojeni, kisha sehemu ndogo ya tone huingizwa kwenye mrija wa mita 30 ambao tundu lake ni robo ya milimita. Joto hupandishwa polepole, na misombo hutoka mmoja mmoja kama wasafiri wanaoshuka matatu, kila mmoja kwenye stendi yake. Levoglukosani hutokana na selulosi iliyoungua, na tangu kazi ya Bernd Simoneit na wenzake mwaka 1999 ndiyo shahidi mkuu wa kuni. Hopani hutoka kwenye oili ya injini, kwa hiyo malori ya barabara ya Nairobi kwenda Eldoret hayana pa kujificha. Trifenilbenzeni huelekeza kidole kwenye plastiki inayoungua, jambo ambalo jirani wa jaa la taka la Gioto, Nakuru, hahitaji mashine kumwambia. Kolesteroli? Nyama choma, mara nyingi.

Nta ya majani ndiyo inayonipendeza zaidi. Mimea hupendelea minyororo ya kaboni yenye idadi witiri, 29, 31, 33, ilhali mafuta ya petroli hayachagui. Kwa hesabu hiyo tu, jani na dizeli hutengana.

Halafu kuna majira. Januari na Februari vumbi la bonde hupanda. Masika ikifika mvua huosha chembe nyingi, lakini manitoli na arabitoli, sukari za mbegu za kuvu, huweza kuongezeka kwa unyevu. Baridi ya Julai huwarudisha watu kwenye jiko la makaa. Anayepima wiki mbili za kiangazi na kuandika kuhusu hewa ya Nakuru amepima wiki mbili za kiangazi, basi.

Ustadi wenyewe lakini uko kwenye chujio ambalo halikufanya kazi. Huokwa, hufungwa, hupandishwa paani, huwekwa kwenye pampu isiyowashwa, hushushwa, hugandishwa na kuchambuliwa kwa gharama ileile. Chochote kitakachoonekana humo ni uchafu wa mchambuzi, na hupunguzwa kwenye matokeo yote. Ni kazi ya mwaka mzima ya kujishuku bila kuchoka, na wala haipati picha gazetini.

Ukipewa ripoti ya hewa ya mji wako, ruka michoro ya rangi, tafuta kwanza jedwali la machujio matupu. Likikosekana, irudishe kwa aliyekupa.