Neno la Zizini Kinywani mwa Antonio

Wachungaji wa Uingereza ya zamani walihesabu umri wa kondoo kwa mkasi na kwa meno. Mwanakondoo akishaachishwa ziwa aliitwa *hogg*, au *teg*, hadi akatwe sufu mara ya kwanza. Hapo huwa *shearling*. Jike aliyekwisha kukatwa mara moja tu ni *gimmer* kwa watu wa kaskazini, *theave* kwingineko. Kisha hutazamwa kinywa: wa meno mawili, wa manne, wa sita, hata kinywa kijae, yapata miaka minne. (Mfasiri ajihadhari na *hogg*, asije akatuletea nguruwe mezani.)

Lakini neno lililo zito kupita yote ni *wether*, dume lililohasiwa. Shakespeare alilijua. Babake, John, alishitakiwa mwaka 1572 kwa kununua sufu kinyume cha sheria. Na katika *The Winter's Tale* kijana wa mchungaji hupiga hesabu kwamba maksai kumi na mmoja hutoa sufu ya ratili 28.

Tangu Mwalimu Nyerere atufasirie *Mabepari wa Venisi*, mwaka 1969, tamthilia hiyo ni yetu pia. Humo Antonio, akingojea kisu cha Shailoki, ajifananisha na *wether* mgonjwa kundini, astahiliye kufa kwanza. Neno hili halikuwekwa kwa pambo. Antonio hana mke wala mrithi. Dume lililohasiwa likichinjwa, kizazi cha kundi hakipungui. Ndiyo hoja yake kwa Bassanio, aliyetoka kuoa.

Basi mfasiri afanyeje? "Kondoo" peke yake hufuta hoja. "Mwanakondoo" ni kosa kubwa zaidi: humfanya Antonio kafara safi, ilhali yeye ajiita mwenye ila. "Ndafu" ni neno tamu, ila ni la mbuzi aliyenoneshwa, nalo lanukia pilau na harusi. Kuliacha neno la Kiingereza na kulieleza chini ya ukurasa ni kumsahau msikilizaji, kwani ukumbini hakuna tanbihi.

Mimi ningeandika "kondoo maksai". Najua masikio yetu yataona ng'ombe kwanza, na mstari utarefuka kwa mizani tatu. Na urefuke, mwigizaji mwenye pumzi atazibeba, na hadhira itasikia kwamba huyu bwana hana wa kumwachia jina.